Darasa la Mlolongo Lina Lugha Ngapi?

Kati ya mwaka 2013 na 2014, baadhi ya shule za msingi za Kaunti ya Machakos ziligeuka maabara pasipo ratiba ya kengele kubadilika. Mradi wa kusoma na hisabati ulioitwa PRIMR, uliokuwa chini ya Wizara ya Elimu na shirika la utafiti la RTI International, ulizigawa shule kwa kura. Katika kundi moja, watoto wa darasa la kwanza na la pili walipewa vitabu vipya, walimu wao wakanolewa na kutembelewa darasani, na masomo ya kusoma yakawa ya Kiswahili na Kiingereza. Kundi jingine lilipata hayo yote, na juu yake likaongezewa Kikamba. Kule Bungoma walifanya vivyo hivyo kwa Lubukusu.

Utafiti wa aina hii ni adimu. Mambo mengi yanayosemwa kuhusu lugha ya mama shuleni husemwa kwa hisia au kwa siasa, au kwa mfano wa shule moja iliyofanya vizuri. Kura huondoa visingizio, maana hakuna anayeweza kudai kuwa shule zenye walimu hodari zilijichagua zenyewe. Benjamin Piper na wenzake walipochapisha matokeo mwaka 2016, waliofundishwa kwa Kikamba na Lubukusu walikuwa wamepiga hatua katika kusoma na kuelewa lugha hizo, kwa tofauti ya kati ya 0.3 na 0.6 ya mkengeuko sanifu. Katika tafiti za elimu, hata 0.3 si haba.

Mwaka 2018 ikatoka sehemu ya pili ya hadithi, na hii watetezi wa lugha za mama huipitia mbiombio. Lugha ya mama haikuwaongezea watoto chochote katika Kiingereza wala Kiswahili, wakilinganishwa na wenzao waliopata mradi uleule bila lugha hiyo. Katika hisabati walikuwa nyuma kidogo.

Mimi nayasoma matokeo haya kwa namna mbili. Kwanza, hofu kubwa ya wazazi wetu, kwamba kila saa ya lugha ya nyumbani ni saa iliyoibwa kutoka kwa Kiingereza, haikuthibitishwa. Watoto walisoma lugha moja zaidi na Kiingereza chao hakikupungua. Pili, hisabati inatuonya. Mwalimu aliyejifunza kutoa na kugawanya kwa Kiingereza tangu utotoni hawezi kuamka Jumatatu akafundisha hayo kwa Kikamba kwa sababu tu Kikamba ndicho alichonyonya. Lugha ya kufundishia hesabu hujengwa, na huchukua muda. Hayo ni maoni yangu tu.

Sasa njoo Mlolongo, katika kaunti ileile ya Machakos, kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa. Mji huu haukupata jina lake kwa uchaguzi wa 1988, ambapo wapiga kura walipanga mlolongo, kama kijana mmoja anavyoweza kudhani. Ulilipata kwa malori yaliyojipanga yakisubiri mizani. Tangu 2022 barabara ya kulipia, yenye urefu wa kilomita 27, huanzia hapa hadi Westlands. Waliokuja kuishi hapa walifuata malori, viwanda vya Athi River na kodi nafuu kuliko ya Nairobi. Mkamba yupo, na ndiye mwenyeji, lakini mlango wa pili ni wa Mluo, wa tatu wa Mkisii, na ghorofa ya juu ni ya Msomali mwenye duka. Watoto wao hukutana katika dawati moja.

Sera ya Kenya haikuwasahau kabisa watoto hawa. Tangu ripoti ya Tume ya Gachathi ya 1976, kanuni ni kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na mjini penye mchanganyiko lugha hiyo ni Kiswahili. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, uliweka lugha za kiasili kuwa eneo la kujifunza katika gredi tatu za kwanza. Kwenye karatasi, Mlolongo umepata jibu: Kiswahili. Nami sina ugomvi na jibu hilo. Kwa watoto wengi wa hapa Kiswahili, au Sheng iliyoiva, ndiyo lugha ya nyumbani. Ugomvi wangu ni na mazoea yaliyojengwa juu ya jibu hilo, ya kudhani kwamba Kikamba, Dholuo, Ekegusii na Kisomali zinaweza kuachwa langoni kama viatu vyenye matope.

Haziachwi. Viorica Marian na Michael Spivey walilionyesha hilo katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1990. Waliwaweka watu wanaojua Kirusi na Kiingereza mbele ya vitu vichache mezani, wakafuatilia mboni za macho yao kwa kamera. Mtu aliambiwa kwa Kirusi achukue stempu ya barua, ambayo katika sentensi ile ni “marku”. Neno lilipoanza kusikika, mara kwa mara jicho liliteleza kwanza kuelekea kalamu ya wino mzito, ambayo kwa Kiingereza huitwa “marker”. Hakuna aliyetamka neno la Kiingereza. Lugha ya pili ilijiamsha yenyewe, kwa sehemu ndogo ya sekunde, kwa kuwa sauti zilifanana. Majaribio mengi yaliyofuata yamekuta hali hiyohiyo: kwa anayejua lugha mbili, hakuna swichi ya kuzima moja.

Basi mtoto wa Mlolongo anayesikiliza somo la maji kwa Kiingereza analisikiliza akiwa na lugha zake zote. Unaweza kumkataza kusema, lakini kufikiri huwezi kumkataza. Kizazi cha wazazi wetu kilivishwa kibao shingoni kwa kosa la kunena lugha ya nyumbani; Ngũgĩ wa Thiong'o alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha 1986, Decolonising the Mind, na wasomaji wengi wa Kenya hawakuhitaji kuelezwa. Kibao kile kilifanikiwa kufundisha kitu kimoja, kunyamaza.

Na kunyamaza kuna gharama inayopimika. Mwaka 1986 huohuo, Philip Gough na William Tunmer walipendekeza kwamba kuelewa maandishi ni zao la vitu viwili: kuzitambua herufi na kuzitamka, mara kuijua lugha yenyewe. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Mpe mtoto alama 0.9 ya kutamka na 0.1 ya kuijua lugha, utapata 0.09. Atasoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri mbele ya mgeni, mzazi atapiga makofi, na kilichoingia kichwani ni kidogo mno. Utafiti mwingine wa Piper na wenzake wawili, Leila Schroeder na Barbara Trudell, uliochapishwa mwaka 2016, uliikuta picha hiyo hapa Kenya: wanafunzi wazungumzaji wa Dholuo na Gĩkũyũ walisoma maneno mengi zaidi kwa dakika katika Kiingereza, lakini walielewa zaidi Kiswahili na lugha zao. (Kasi yenyewe haifai kulinganishwa ovyo, kwani neno moja la Kibantu hubeba mzigo ambao Kiingereza huugawa kwa maneno matatu au manne.)

Katika mji wenye lugha moja, dawa ingekuwa rahisi kuitaja. Katika Mlolongo haiwezekani kuchapa vitabu vya lugha sita kwa darasa moja, na walimu wenyewe wametoka kila pembe ya nchi. Lakini swali la kitabu si swali pekee. Katika Wales, mwaka 1994, Cen Williams alieleza ufundishaji ambapo mwanafunzi husoma jambo kwa lugha moja, kisha hulizungumza au kuliandika kwa nyingine, hivi kwamba lazima alielewe njiani. Mwalimu hahitaji kuzijua lugha zote za wanafunzi wake. Anahitaji kuruhusu wawili wanaoelewana wanong'one kwa Kikamba kwa dakika tatu juu ya kwa nini nguo hukauka, halafu waje kulieleza darasa kwa Kiswahili au Kiingereza. Atawapima kwa maelezo yale ya mwisho.

Hata hisabati, iliyolegea katika jaribio la PRIMR, ina mlango hapa. Waambie watoto wahesabu kwa lugha za nyumbani, uandike ubaoni. Kikamba kitasema itatũ kwa tatu na thanthatũ kwa sita: tatu imerudiwa. Nne ni inya, nane ni nyaanya. Kiswahili nacho kina nne ndani ya nane. Dholuo kimekwenda njia nyingine: moja ni achiel na sita ni auchiel, mbili ni ariyo na saba ni abiriyo, yaani tano imejaza mkono mmoja na hesabu inaanza upya. Mtoto wa miaka saba ameona kurudufu na ameona mfumo wa tano, na waliomwonyesha ni wenzake. Somo hili ni la bure.

Zipo hatari. Mtoto mmoja wa Kisomali katikati ya arobaini asisimamishwe kuwa maonyesho. Kuna anayependa kuulizwa na kuna anayetamani ardhi immeze. Na Kikamba, kwa kuwa ni lugha ya wenyeji, kinaweza kuwa ubabe mpya juu ya wachache. Wala tusiwauzie wazazi ahadi kwamba lugha mbili humfanya mtoto kuwa hodari wa kudhibiti umakini wake kuliko wengine: dai hilo, lililovuma sana kupitia kazi za Ellen Bialystok wa Kanada, bado linabishaniwa vikali na wanasayansi wenzake. Sababu tuliyonayo inatosha bila hilo. Mtoto huelewa kwa kutumia anachokijua, na kingi cha anachokijua amekipata kwa lugha ya nyumbani.

Mzazi wa Mlolongo, au wa Syokimau na Katani jirani, kwenye mkutano ujao wa wazazi usiulize tu mtoto wako anasoma Kiingereza kwa kasi gani. Mpe hadithi aliyoisoma darasani, mwambie akusimulie kwa lugha mnayoitumia mezani. Akishindwa, nenda na jibu hilo kwa mwalimu wa darasa, na umwulize ni lini mtoto huruhusiwa kufikiri kwa sauti.