Mpanda Milima, Kamera Yake na Njia Anayopita

Wageni wengi hupanda barabara ya Mombo kupitia Soni hadi Lushoto, katika Milima ya Usambara Magharibi, wakiwa na mkoba mgongoni na kamera shingoni. Wapo wanaokuja kwa makundi, na wapo wanaopenda kutembea peke yao. Hawa wa pili, wahisani wakiwamo, huuliza swali jema: tukishafaidi milima hii, tuwaachie wenyeji nini? Jibu letu linazihusu kamati za parokia sawa na linavyowahusu wageni.

Atembeaye peke yake hana wa kumharakisha. Pale Irente, ambapo mlima unakatika ghafla na tambarare kuonekana chini kabisa, anaweza kukaa saa nzima akingoja ukungu uondoke. Katika msitu wa Magamba mbega hawavumilii kundi lenye kelele, ila mtu mmoja aliyetulia huwaona. Mwanga mzuri wa picha ni ule wa asubuhi na wa jioni. Saa sita mchana jua huwa utosini na milima yote huonekana bapa. Kinyonga apigwe picha palepale alipo, asitolewe kwenye tawi lake. Na mtu aombwe ruhusa kwanza, hata kama anaonekana kwa mbali akilima.

Kutembea peke yako si kutembea bila mtu kujua. Mwachie mwenyeji wako maelezo ya njia utakayopita na saa ya kurudi, kwa maana ukungu huweza kushuka ghafla na giza halichelewi. Atakaye kuingia hifadhi ya msitu aanzie ofisini, alipe ada na kupata kibali. Kuajiri kijana wa huko kuwa kiongozi hakuharibu upweke. Mwambie tu kwamba unapenda kimya. Waendao mbali, kutoka Lushoto hadi Mtae kwa siku kadhaa, hulala njiani katika nyumba za wageni na kwa masista wa Rangwi, na fedha hiyo hubaki milimani.

Lakini njia yenyewe nani anailipa? Wageni wengi hudhani njia za milimani zipo tu, kama mawe yalivyo. Sivyo. Nyingi ni njia za wakulima: ndizo apitazo mama mwenye kabichi kichwani akiwahi soko, na ndizo wapitazo watoto wa shule. Mgeni akiteleza hupata cha kusimulia kwao. Mama akiteleza hupoteza mzigo wa wiki.

Adui mkubwa wa njia ni maji. Mvua ikinyesha kwenye mteremko, njia iliyoshindiliwa na miguu hugeuka mfereji. Maji yakienda mbali bila kuzuiwa hupata kasi, hubeba udongo na kuacha korongo. Kisha watu hukwepa tope kwa kukanyaga pembeni, njia inapanuka na kula shamba la mtu. Kwenye kona wenye haraka hukata moja kwa moja kushuka, na maji huifuata njia hiyo mpya siku ya mvua ya kwanza. Basi mgeni apite katikati ya njia, hata penye tope, wala asikate kona.

Dawa yake si ghali. Ni makinga maji: mawe au gogo lililolazwa kimshazari kukatisha njia, likazikwa vizuri, ili maji yatoke pembeni kabla hayajapata nguvu. Yatokee kwenye majani au mawe, yasielekezwe kwenye shamba la jirani, maana hapo ndipo ugomvi huanza. Penye mwinuko mkali zaidi, ngazi za mawe. Kazi hii hufanyika kwa msaragambo, kama wasemavyo wenzetu wa Upare, na huhitaji majembe, sururu na mtu anayejua kuweka jiwe. Linalosahaulika ni usafishaji: kinga maji lililojaa udongo halikingi kitu.

Hapa kamera ina faida ambayo wachache wameifikiria. Picha ya mahali palepale, ukisimama kwenye jiwe lilelile, kabla ya masika na baada yake, huonyesha korongo limekua kiasi gani. Weka jembe kando liwe kipimo. Picha mbili za namna hiyo, zenye tarehe na jina la mahali nyuma, huisaidia kamati kuomba vifaa kuliko barua ndefu. Tungependa mgeni aache nakala kijijini kabla ya kuondoka.

Milima hii imekwisha kutoa mengi. Ua la Saintpaulia, linalouzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, asili yake ni misitu ya Afrika ya Mashariki, Usambara ikiwa maarufu kuliko kwingine. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani Tanga, alipeleka mimea hiyo kwao, na mwaka 1893 ikapewa jina lake. Biashara ikakulia huko, mbali na miteremko ilikotoka.

Masika huanza mwezi Machi. Kamati zinazotaka kutengeneza njia zifanye hivyo Januari na Februari, udongo ukiwa mkavu, na mhisani anayepanga kuja miezi hiyo aulize mapema siku ya kazi. Majembe mara nyingi yapo. Sururu ndizo huwa pungufu.