Mvua ya mlimani, mtoto wa bondeni: somo la ndiva kwa miji inayokua

Mzazi wa Bendera, wilayani Same, huijua hatari ya mvua kabla tone halijamwangukia. Jua linaweza kuwa linawaka, nguo zinakauka kambani, vumbi limejaa barabarani. Lakini akiinua macho na kuona wingu jeusi limekaa juu ya milima ya Upare Kusini, anaanza kuhesabu watoto. Nani bado yuko shuleni? Nani ametumwa dukani? Nani amekwenda kucheza korongoni?

Maji yatakayojaza korongo hilo yamenyesha kwa watu wengine, huko juu. Yanashuka na tope, mawe na magogo, na yakifika hayaulizi mtoto ni wa nani.

Hofu hiyo ya mzazi wa kijijini inafanana sana na ya mzazi wa Jangwani, Dar es Salaam. Wote wawili wanaishi chini, wanapokea maji ya walio juu. Na miji yetu, midogo kwa mikubwa, inavyozidi kukua, swali linakuwa lile lile: maji yapitishwe wapi, na nani alipe gharama yake?

Mvua isiyo yao

Ukitoka Same mjini kwa barabara ya Kisiwani, unapita Maore, Ndungu na Kihurio, milima ikiwa mkono wako wa kulia. Kisha unaingia Bendera, kabla ya kuibukia Mkomazi kwenye barabara kuu ya kwenda Korogwe. Huku ni tambarare ya Mto Mkomazi, ambao maji yake huishia Mto Pangani.

Kilele cha milima hiyo ni Shengena, chenye urefu wa mita 2,462, ndani ya msitu wa Chome. Upande wa mashariki wa milima ndio unaopokea kwanza pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Mawingu yakigonga mlima, mvua inanyesha juu. Tambarare iliyo chini inapata mvua kidogo ya kwake, kisha inapokea mafuriko ya mvua isiyo yake.

Walio juu nao hawako salama. Novemba 2009, maporomoko ya udongo yalifukia nyumba katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Mteremko uliolegea unamuumiza wa juu kwanza, kisha unamfuata wa chini. Kwa hiyo wa juu na wa chini wana shida moja, hata kama wanakutana siku ya gulio tu.

Bati moja, ndoo 120

Makazi ya tambarare hufuata barabara. Kwanza kibanda cha chakula, kisha duka, fundi pikipiki, nyumba ya kupanga, halafu mtaa mzima. Hakuna ubaya katika hilo. Ndivyo miji inavyozaliwa. Tatizo ni kwamba kila nyumba mpya inachukua kipande cha ardhi kilichokuwa kikinywa maji.

Hesabu yake ni rahisi, mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya. Paa la bati la mita 10 kwa 8 lina mita za mraba 80. Ikinyesha mvua ya milimita 30, paa hilo linamwaga karibu lita 2,400, sawa na ndoo 120 za lita 20. Nyumba 100 za aina hiyo zinamwaga ndoo 12,000, na pengine kwa mvua ya saa moja tu.

Zamani pembeni mwa paa kulikuwa na shamba au kichaka cha kuyapokea maji hayo. Siku hizi pembeni kuna paa jingine, na katikati kuna ua uliosakafiwa ili usafi uwe rahisi. Maji yanakosa pa kuzama, yanakimbilia kwa jirani wa chini. Jirani naye anainua kizingiti chake, anayasukuma kwa anayefuata. Mwisho wa mstari kuna nyumba iliyojengwa kando ya korongo, kwa sababu kiwanja cha huko ndicho mwenye nyumba alichokimudu.

Hapo ndipo suala la mazingira linapogeuka kuwa suala la haki.

Kilichobuniwa na wazee wa Upare

Wapare walilijua tatizo la maji ya mteremko zamani sana, na jibu lao linaitwa ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe linalojengwa mteremkoni na kulishwa na mfereji kutoka kwenye kijito. Jioni tundu la kutolea maji linazibwa, na maji yanakusanyika usiku kucha. Asubuhi linafunguliwa. Maji yaliyokusanyika yanatoka kwa nguvu ya kutosha kufika mashamba ya mbali, ambako kijito chembamba peke yake kingekauka njiani. Hakuna pampu wala umeme. Baadhi ya ndiva zingali zikifanya kazi hadi leo, kama zile za eneo la Bangalala, upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo.

Wataalamu wa miji wa leo wana maneno yao marefu kwa jambo hili: ubunifu unaofuata asili. Maana yake ni kuyapunguzia maji mwendo, kuyapa mahali pa kutua, kuiacha ardhi inywe, na kuutumia mti na udongo kufanya kazi ambayo vinginevyo ingefanywa na zege. Mzee wa Upare angesikiliza maelezo hayo kwa heshima, kisha angeuliza kinachosemwa ni kipya kwa nani.

Lakini siri ya ndiva haikuwa shimo peke yake. Shimo lolote bila utaratibu linajaa tope. Ndiva ilikuwa na zamu, kila mwenye shamba akijua siku yake. Ilikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzoa tope na kuziba mipasuko, na asiyefika kazini bila sababu alitozwa. Maji ya kijito kimoja yalihitaji watu wa juu na wa chini wakubaliane, kwa sababu wa juu akifunga mfereji wote, wa chini hana atakachovuna.

Utaratibu huo haukuwa kamili. Koo zilizochimba ndiva zilikuwa na sauti kubwa kuliko wahamiaji, na wanawake, ambao ndio waliotumia maji zaidi nyumbani, mara nyingi hawakukaa kwenye kikao cha kuyagawa. Hilo nalo ni somo. Mradi unaweza kuwa mzuri kwa ardhi, ukawa mbaya kwa baadhi ya watu.

Kutoka korongoni hadi Jangwani

Ukitaka kuona bei ya kuchelewa kukubaliana, tazama Dar es Salaam. Sensa ya 2022 ilihesabu huko watu 5,383,728. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya jiji, unaingia baharini karibu na Daraja la Selander. Miaka mingi bonde lake lilijazwa nyumba za watu wa kipato cha chini, karakana na takataka, huku vilima vya juu vikipoteza miti na mchanga wa mto ukichotwa.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu, na familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande, mbali na shule na riziki walizozizoea. Mwaka 2022 ukaja Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mpango wake ni kuuacha mto upate nafasi: kupanua njia ya maji, kupanda miti juu bondeni, kujenga daraja jipya la Jangwani, na kugeuza sehemu ya bonde kuwa bustani ya jiji inayoweza kupokea maji wakati wa masika.

Kwa maji, mpango huo una mantiki ile ile ya ndiva. Kwa watu, ulilazimu nyumba nyingi kuondoka, na mjadala mkali ulikuwa juu ya fidia: je, anayelipwa thamani ya kibanda chake bondeni anaweza kununua kiwanja kingine ndani ya jiji? Bustani itakuwa nzuri. Swali ni watoto wa nani watacheza humo.

Swali hilo lina historia. Enzi za ukoloni, kanuni za ujenzi ziligawa Dar es Salaam kwa aina za nyumba, na kwa vitendo ukawa mgawanyo wa rangi: Uzunguni kwenye miti na upepo wa bahari, Uhindini, kisha Uswahilini. Uwanda wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kuitenga Kariakoo na Uhindini. Kivuli kiligawiwa kwa ubaguzi tangu mwanzo. Wakoloni wameondoka, lakini hadi leo mitaa mingi yenye watoto wengi zaidi ndiyo yenye miti michache zaidi.

Bendera na miji midogo mingine ya tambarare ina bahati moja ambayo Dar haina tena. Nafasi bado ipo. Njia ya maji inaweza kuachwa wazi kabla haijajengwa, bila kumvunjia mtu nyumba.

Mzazi aanzie wapi?

Kabla ya kununua kiwanja. Waulize wazee wa eneo, kando ya muuzaji: mwaka wa El Niño, 1997 kuelekea 1998, maji yalipita wapi? Kiwanja cha bei ya chini sana kando ya korongo mara nyingi kina sababu. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Familia nyingi hulisikia katazo hilo siku nyumba inapowekewa alama ya X, wakati aliyewauzia kiwanja ameshahama.

Uani. Usisakafie ua wote. Acha sehemu ya udongo, na uelekeze maji ya bati kwenye pipa au tanki lenye mfuniko imara. Yanayozidi yapeleke kwenye shimo pana lisilo na kina kirefu, lenye migomba au mipapai. Liwe mbali na msingi wa nyumba na mbali na choo. Maji yazame ndani ya siku moja au mbili. Yakikaa wiki, umefuga mbu. Na kama una mtoto anayetambaa, hata ndoo ya maji isiyofunikwa ni hatari, sembuse shimo.

Kwenye mteremko. Mwenye shamba juu ya nyumba za watu alime kwa kukatiza mteremko, si kwa kuufuata. Matuta ya makinga maji, majani ya tembo au safu ya mkonge huzuia udongo usishuke. Udongo huo ndio mali yake, na ukishuka unakuwa tope la jirani.

Shuleni. Mwarobaini na mkungu hustahimili joto la tambarare na kutoa kivuli kizuri. Lakini kampeni za kupanda miche elfu moja siku ya sherehe, bila mtu wa kuimwagilia Septemba, zimewafundisha watoto kwamba kupanda mti ni kupiga picha. Afadhali miti 20, kila mmoja na darasa lake na zamu yake ya maji. Mtoto aliyeulea mti miaka mitatu hauvunji.

Kwenye mkutano wa kijiji. Mkutano huu hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kusema. Barabara inapojengwa, uliza makalavati yatamwaga maji upande gani, na chini yake kuna nyumba ya nani. Viwanja vinapopimwa, uliza eneo la wazi la watoto liko wapi kwenye ramani, na korongo limeachiwa upana gani. Akina mama, hapa ndipo pengo la ndiva linaweza kuzibwa: anayeteka maji na kuwavusha watoto korongoni awepo pale maamuzi yanapofanyika.

Na wa juu waalikwe. Kamati ya mazingira ya tambarare ikikutana na ya milimani hata mara moja kabla ya vuli na mara moja kabla ya masika, tayari ni kitu. Hata simu moja kutoka juu, kwamba huku kumenyesha sana na korongo linashuka, inaweza kumkuta mwalimu hajawaruhusu watoto kurudi nyumbani.

Hayo yote hayahitaji kusubiri mfadhili. Yanahitaji jembe, daftari la zamu, na watu wa mteremko mmoja kukubali kwamba maji yao ni ya pamoja. Wingu litakaa tena juu ya Upare masika ijayo, na mzazi wa Bendera atahesabu watoto kama kawaida. Kabla ya siku hiyo, bado kuna wakati wa kuzibua mtaro, na kumuuliza mwenyekiti mkutano ujao ni lini.