Ngoma Huanzia Sikioni

Wageni wanaofika Marafa jioni kutazama magenge mekundu ya Nyari mara nyingi hutaka kufundishwa ngoma ya Kigiriama papo hapo, kabla ya gari kurudi Malindi. Wote hukimbilia mabega. Wamemwona mchezaji wa gonda akiyatetemesha, wakadhani ufundi wote uko pale. Mimi mwalimu wa ngoma siwaanzishi na mabega. Mwanafunzi mpya huketi chini, nikampa kayamba.

Kayamba ni kifaa bapa cha mabua yaliyofungwa pamoja, ndani mna mbegu ndogo ngumu. Ukikiinamisha, mbegu huteremka kwa mkupuo mmoja. Ukichelewa kukirudisha, sauti huchuruzika ovyo na aliyeshika ngoma hugeuka kukutazama. Anayekikaba kwa nguvu huchoka upesi. Anayelegeza mikono husikia uzito ukipanda hadi mabegani, nayo mabega huanza kufuata bila kuamrishwa. Hapo ndipo somo linapoanza.

Njuga huja baadaye. Wanafunzi wengi huona haya kuzivaa, kwa sababu kila kosa la mguu linasikika. Nami nazipenda kwa sababu hiyohiyo. Hando, ile sketi ya marinda mengi ya mama zetu, hungoja zaidi. Huvimbisha nyonga, hivyo mwendo mdogo huonekana mkubwa. Asiyejua huizungusha kupita kiasi, akaharibu utamu wake.

Kule Andalusia, Hispania, flamenko nayo haianzi na viatu. Soleá ina mapigo 12, na mkazo huangukia la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Asiyeweza kuyapiga kwa makofi akiwa ameketi, akisimama atakanyaga sakafu tu. UNESCO iliiorodhesha flamenko mwaka 2010. Mila za kaya, ile misitu mitakatifu yetu sisi Mijikenda, ziliorodheshwa mwaka mmoja kabla, lakini katika orodha ya zile zinazohitaji kuokolewa haraka. Jambo hilo linaniuma.

Linaniuma hasa ninapoona watoto wetu wakifundishwa haraka kwa ajili ya mashindano. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limezipa ngoma zetu heshima shuleni, na nalishukuru. Ila mtoto hupangwa mstari, uso kwa jaji, akakariri hatua kwa mfuatano. Mpiga ngoma akibadili mwendo, mtoto hupotea.

Tena kuna suala la maana. Kifudu ni ngoma ya msiba. Mekatilili wa Menza alipoicheza kijiji hadi kijiji mwaka 1913, akiwahimiza Wagiriama kuwakataa Waingereza, watu walimfuata, maana walijua si ngoma ya kuchezwa hivi hivi. Kaburi lake liko Bungale, hukuhuku Magarini. Kwa hiyo kifudu simfundishi mpita njia, hata akinilipa vizuri.

Anayeanza kuingia uwanjani namweka nyuma ya mama mtu mzima, afuate visigino vyake, mikono aisahau kwanza. Akitaka kujua kama ameiva, asiniulize mimi. Amwangalie mpiga ngoma: siku atakapoongeza kasi bila kumsubiri, jibu ndilo hilo.