Ari Huzaliwa Kazini

Rubongi ni sehemu ya Wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, nchi ya Wapadhola. Mpaka wa Kenya hauko mbali. Vijana wengi wa huku huelekeza macho Malaba na Busia, wakiamini kwamba kazi ya kuupendeza moyo iko kwingineko, kamwe si nyumbani. Hatuwalaumu, kwani riziki hufuatwa iliko. Hata hivyo, yafaa tujiulize: je, mtu huipenda kazi kwanza ndipo aifanye, au huifanya kwa moyo ndipo aipende?

Nchi hii ya Wapadhola yenyewe inatupatia mfano. Bethwell Allan Ogot alizaliwa Gem, nchini Kenya, mwaka 1929. Alisoma Makerere, akafundisha katika shule ya Alliance, kisha akaenda Uingereza kuendelea na masomo. Huko alichagua jambo ambalo wasomi wengi walilitilia mashaka: kuandika historia ya Wajaluo wa kusini kwa kutegemea masimulizi ya wazee. Siku zile palipokosekana maandishi ilidhaniwa kuwa pamekosekana historia. Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, profesa wa Oxford, alidiriki kudai kwamba Afrika haikuwa na historia ila ile ya Wazungu waliokuja kwetu.

Jibu la Ogot halikuwa makelele. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifika Padhola, akaketi na wazee na kuwasikiliza. Walimsimulia habari za Adhola, babu wa kabila, na za koo zilizohamia, zilizopigana na zilizochanganyika. Kazi ya namna hiyo haina fahari. Nasaba ya ukoo mmoja hulinganishwa na ya ukoo mwingine, vizazi huhesabiwa, na palipo na tofauti huulizwa upya. Mchoyo wa subira hawezi kuifanya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Matunda yake tunayajua. Kitabu chake juu ya historia ya Wajaluo wa kusini kilichapishwa Nairobi mwaka 1967, na sehemu yake kubwa ni habari za Wapadhola. Mwaka 1972 makala yake kuhusu historia ya dini katika Padhola ilitokea katika kitabu kilichohaririwa na Terence Ranger pamoja na Isaria Kimambo, Mtanzania aliyetumia njia hiyo hiyo kuandika historia ya Wapare. Baadaye Ogot alihariri juzuu ya tano ya historia ya Afrika iliyotolewa na UNESCO. Alifariki dunia Januari 2025, akiwa na umri wa miaka 95.

Tunajifunza nini? Kwamba ari haikumshukia mtu huyu kama mvua. Aliipata kwa kukithamini kile ambacho wengine walikipita bila kukitazama, na kwa kutochoka kuuliza. Kila jibu lilizaa swali jipya, na swali hilo ndilo humwamsha mtu alfajiri.

Hatusemi kwamba ari hujaza chungu. Mwajiri asiyelipa mshahara hana haki ya kudai moyo wa kujitolea. Lakini hata mshahara mnono haumwokoi mtu anayeidharau kazi yake. Mwalimu anayetafuta sababu ya mtoto kushindwa hesabu, na mkulima anayechunguza kwa nini karanga za jirani zimestawi kuliko zake, hao wamekwisha kuianza safari.

Wazee wa Rubongi bado wanazo habari ambazo hazijaandikwa, nao hawatatungoja milele. Kijana mwenye daftari na kalamu, na masikio ya kusikiliza, anaweza kuanza jioni ya leo kwa bibi yake mwenyewe. Asingoje kwanza aione hamu. Akae, aulize, na hamu itamkuta pale pale.