Kinanda cha kanisa: nyaya mbili au waya mmoja?

Katika makanisa yetu mengi kinanda ndicho kinachoongoza wimbo, lakini ni wachache kati yetu wanaojua namna kinavyounganishwa na ampli. Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu kosa dogo la waya lilituletea manung'uniko, na lilimuumiza kijana asiye na hatia.

Kwa majuma kadhaa akina baba walilalamika kwamba hawasikii kinanda. Upande wa akina mama wimbo ulianza vizuri, lakini upande wa pili walichelewa, na mwishowe kila upande uliimba peke yake. Mahubiri yalisikika vizuri katika bafle zote mbili, kwa hiyo hakuna aliyefikiri kwamba vyombo vina shida. Lawama zikamwangukia mpiga kinanda. Wengine walisema anapigia akina mama na korali tu. Wengine walisema hafanyi mazoezi. Hata sisi wachungaji tulimwita, tukamwonya. Wazee nao walianza kuzungumza juu ya changizo la kununua kinanda kipya.

Jumamosi moja fundi wa sauti alikuja kutusaidia. Alichomoa waya mmoja nyuma ya kinanda, akageuza kitufe kimoja kwenye mikseri, na kinanda kikasikika pande zote. Hatukununua kitu.

Shida ilikuwa nini? Stereo ni sauti inayopita njia mbili tofauti, ya kushoto na ya kulia, jinsi tulivyo na masikio mawili. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hati ya uvumbuzi juu ya namna hii ya kutoa sauti mwaka 1931. Vinanda vingi vya leo vinafanya hivyo: katika sauti ya piano, mara nyingi noti nzito zinaegemea kushoto na noti nyembamba zinaegemea kulia. Mono ni sauti yote kupita njia moja. Kuwa na bafle mbili hakumaanishi kwamba mna stereo. Kama zote mbili zinatoa sauti ileile, hiyo ni mono.

Tazameni nyuma ya kinanda. Mara nyingi mtakuta matundu mawili: moja limeandikwa L/MONO, au L/L+R kwenye Yamaha nyingi, na jingine limeandikwa R. Ukichomeka waya katika L/MONO peke yake, kinanda chenyewe kinajumlisha kushoto na kulia na kuvitoa pamoja. Lakini jeki ikiingia katika R, kinanda kinaacha kujumlisha, kwa kuwa kinadhani sauti ya kulia imepata njia yake. Hakiwezi kujua kama waya ule ni mzima au umekatika.

Kwetu, waya wa R ulikuwa umekatika ndani. Nusu ya muziki ilipotelea humo. Nusu nyingine ilikwenda kwenye bafle ya kushoto tu, kwa akina mama, kwa sababu kitufe cha PAN kiligeuzwa kushoto kabisa. Mikrofoni ya mahubiri ilikuwa na PAN katikati, ndiyo maana neno lilisikika kila mahali. Fundi alipochomoa waya wa R na kurudisha PAN katikati, muziki wote ulipita njia moja na kufika kwa wote.

Stereo ni nzuri kwa kurekodi na kwa kusikiliza kwa vifaa vya masikioni. Lakini inamtaka msikilizaji awe katikati ya bafle mbili, na kanisani wengi wanakaa karibu na moja tu. Tena, bafle moja ikizimika katikati ya ibada, katika mono muziki unabaki mzima.

Kwa hiyo tunawashauri hivi. Kwanza, punguzeni sauti ya ampli kabla ya kuchomeka au kuchomoa waya.

Pili, mkiwa na waya mmoja, tumieni L/MONO, si R peke yake, na wekeni PAN katikati.

Tatu, mkitumia nyaya mbili, kila mmoja uingie njia yake kwenye mikseri. PAN za njia zote mbili zikiwa katikati, mtapata mono. Jaribuni kila waya peke yake kabla ya ibada.

Nne, msiunganishe L na R kwa waya wa Y ili ziingie tundu moja, maana zinasukumana. Kazi ya kujumlisha ni ya kinanda au ya mikseri.

Tano, vinanda vidogo vingine vina tundu moja tu, PHONES/OUTPUT. Hapo tumieni waya wenye jeki ya stereo (ile yenye pete mbili nyeusi) unaogawanyika kuwa jeki mbili za mono, kila moja iingie njia yake kwenye mikseri. Mkichomeka jeki ya mono katika tundu hilo, mtapoteza upande wa kulia na mnaweza kuchosha kinanda.

Sita, piano ikisikika nyembamba katika mono, chagueni sauti nyingine ya piano. Wakati mwingine nusu mbili zikijumlishwa zinapunguzana nguvu.

Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14, anatumia mfano wa filimbi na kinubi: sauti zake zisipotofautika, wasikiaji hawatajua kinachopigwa. Anataka kila kitu katika kusanyiko kiwajenge wote, si upande mmoja tu.

Kijana yule tulimwomba msamaha mbele ya korali, na bado anapiga kinanda. Kabla ya kumlaumu mtumishi, tuangalie kwanza waya wake. Neema ya Bwana iwe nanyi.