Je, Wajua? Punda wa Songwe Anatembea kwa Kucha Nne

Dereva wa lori anayesubiri kuvuka mpaka pale Tunduma hulizunguka gari lake akigonga matairi, moja baada ya jingine, yote 22. Pembeni yake unapita mkokoteni wa punda uliosheheni mahindi. Nani amewahi kumwinua yule punda mguu akatazama chini? Sogea karibu, mwenzangu, nikuonyeshe kilichojificha huko!

Je, wajua kwamba punda anatembea juu ya kucha? Ukwato ni ukucha wa kidole kimoja tu, kile cha kati. Kitazame cha kwako sasa hivi: simamia ncha yake kwa uzito wako wote, kisha vuta magunia ya mahindi hadi sokoni!

Na lile tunaloliita goti la mguu wake wa mbele? Si goti! Ni kiungo kile kile unachovalia saa mkononi. Kutoka hapo kwenda chini karibu hakuna msuli, ni mifupa, kano na ngozi.

Vidole vingine vilikwenda wapi? Kule Laetoli, Ngorongoro, kwenye nyayo maarufu za watu wa kale za miaka milioni 3.6 iliyopita, zipo pia nyayo za farasi wa kale mwenye vidole vitatu. Wataalamu wanaamini baadhi ni za mama na mtoto wake wakitembea pamoja. Hapa hapa Tanzania!

Ukwato umejengwa kwa keratini, kitu kile kile kilichojenga nywele zako, kucha zako na pembe ya faru. Hukua milimita 8 hivi kwa mwezi. Kwa hiyo ukwato unaouona mwaka huu, mwakani utakuwa umeisha wote na mwingine umeshika nafasi yake.

Sasa njoo kwenye jambo linalonifurahisha kuliko yote. Ukwato una kumbukumbu! Kila punda anapougua au chakula chake kinapobadilika ghafla, pete ndogo hujiandika kwenye ukwato na kushuka nao polepole. Chukua rula, pima kutoka kwenye manyoya hadi kwenye pete. Sentimita 4? Gawanya kwa milimita 8: miezi mitano. Kama leo ni Oktoba, punda huyo alipatwa na jambo mwezi Mei, mavuno ya mahindi yalipokuwa yanaanza. Umesoma historia yake, na yeye hajasema neno!

Pete zikiwa zimelingana pande zote, huenda ni mabadiliko ya malisho tu. Zikiwa zimebanana mbele na kuachana nyuma kisiginoni, hapo pana habari nzito.

Habari yenyewe ni hii: punda anaweza kuumwa miguu kwa sababu ya kula! Akiingia ghalani na kujaza tumbo kwa mahindi au pumba, sumu za tumboni hufika kwenye damu, na ile nyama inayoushika ukwato kwenye mfupa huvimba na kulegea. Nyama hiyo imekunjwa kama kurasa za kitabu, na kwa farasi kurasa hizo hukaribia 600 katika ukwato mmoja. Ukizikunjua pamoja na vikunjo vyake vidogo, unapata eneo linalokaribia meta 1 ya mraba. Ndani ya ukwato unaoenea kiganjani!

Utamjuaje? Hujiegemeza nyuma kama mtu aliyekanyaga makaa, hataki kugeuka, na ukwato una joto. Shika pembeni ya mguu juu kidogo ya ukwato: mapigo ya damu ambayo kwa kawaida huyahisi kwa shida, sasa yanagonga kidole chako. Mtoe kwenye nafaka, mpumzishe pahali laini, na mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, wala usingoje asubuhi.

Je, umewahi kujiuliza kwa nini tetanasi kwa Kiswahili inaitwa pepopunda? Punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi mno kwa sumu ya ugonjwa huo! Vijidudu vyake huishi udongoni na kwenye kinyesi, na msumari mmoja uliochoma wayo unatosha kuviingiza. Masikio husimama, taya hukaza, miguu hunyooka kama ya meza. Wazee waliotupa neno hilo walikuwa wameangalia vizuri sana.

Kwa hiyo ukikuta msumari, usishangilie kuuchomoa na kuendelea na safari. Pakumbuke hasa palipotoboka na umwite mtaalamu, kwa sababu tundu la wayo hujifunga juu huku uchafu umebaki ndani. Chanjo ya pepopunda kwa wanyama ipo.

Punda ni Mwafrika kuliko tunavyodhani. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2022 unaonyesha kwamba alifugwa kwa mara ya kwanza upande huu wa mashariki wa Afrika, miaka 7,000 hivi iliyopita. Mababu zake waliishi nchi kavu yenye mawe, na ukwato wake ulitengenezwa kwa ajili ya huko: mdogo, uliosimama wima, mgumu.

Sasa mlete Songwe! Huku mvua huanza Novemba na kuishia Aprili, tope juu ya tope. Ukwato wa punda hunyonya maji mengi kuliko wa farasi, ukalainika, ukaoza kwa chini. Inua mguu unuse. Naam, unuse! Katikati ya wayo pana nyama ngumu kama mpira yenye umbo la V. Ikitoa ute mweusi wenye harufu ya kuoza, umeshajua. Dawa ya kwanza haina bei: msafishe kila siku na mlaze pakavu. Maranda ya mbao kutoka kwa fundi seremala yanafaa sana.

Ile nyama ya V haipo kwa mapambo. Kila anapokanyaga, ukwato hupanuka kidogo na damu husukumwa kurudi juu. Punda aliyefungwa kamba kutwa hana pampu hiyo.

Pundamilia anakatwa kwato na nani? Hakuna! Hutembea nchi kavu yenye changarawe, na ardhi humfanyia kazi ya tupa. Punda anayekaa zizini au kwenye udongo laini hana bahati hiyo: kwato zake hurefuka, zikapinda juu kama omo ya mtumbwi. Kwa kawaida huhitaji kupunguzwa kila wiki 6 hadi 10, kwa kisu cha kwato na tupa. Zilizoachwa miaka miwili zisisawazishwe siku moja! Kano zimeshazoea upogo, hivyo fundi hupunguza kidogo leo na kidogo baada ya wiki kadhaa.

Kukata huko hakumuumizi, kama wewe usivyoumia ukikata kucha. Ukuta wa nje wa ukwato hauna mishipa ya fahamu. Ndiyo maana farasi hupigiliwa viatu vya chuma kwa misumari na kubaki ametulia.

Tukitaja chuma, tuje Mbozi, huku huku Songwe! Kimondo chetu kina uzito wa tani zipatazo 16, na karibu asilimia 90 yake ni chuma. Ukikisia kiatu kimoja cha farasi kuwa nusu kilo, uzito huo ni sawa na viatu 32,000. Hao ni farasi 8,000, wamevishwa viatu na jiwe moja lililoanguka kutoka angani!

Na maksai je? Ng'ombe ana kwato mbili kila mguu, hivyo katika nchi zilizowavisha viatu maksai wa kukokota, mmoja alihitaji viatu 8! Tena hawezi kusimama vizuri kwa miguu mitatu kama farasi, ikabidi aangushwe au aning'inizwe kwa mikanda ili avishwe.

Halafu hili: ule ugonjwa wa miguu na midomo unaowatesa ng'ombe, mbuzi na nguruwe, punda haumpati kabisa. Akichechemea, tafuta sababu nyingine.

Mtoto wa punda hukaa tumboni karibu mwaka mzima, na huzaliwa na kwato zilizofunikwa na vidole laini, vyeupe, kama uyoga mbichi. Vinamlinda mama asichanwe kwa ndani. Mtoto akisimama na kutembea, hukauka na kusagika upesi.

Mgiriki Xenophon aliandika juu ya miguu ya farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Alishauri yamwagwe mawe ya mviringo ya kujaa kiganja, mikokoteni minne au mitano, farasi asimame juu yake ili kwato zikomae. Nchi yake ilikuwa kavu. Songwe ya mwezi Januari ingemshangaza.

Lakini jambo gumu ni kwamba punda hasemi. Farasi akiumwa utamjua mapema. Punda huvumilia hadi hali imekuwa mbaya, akabaki tu kulala mara nyingi, kula taratibu, kuhamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu. Tukasema ni mvivu, tukaongeza fimbo! Tunapenda kusema shukrani ya punda ni mateke. Mimi nasema mwangalie kwanza huo mguu anaokupiga nao. Nchi hii ina punda zaidi ya nusu milioni, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikuwasahau.

Habari njema kidogo: jipu ndani ya ukwato humfanya punda aonekane amevunjika mguu kabisa. Mtaalamu akitoboa tundu dogo usaha ukatoka, ukaloweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, anaweza kukanyaga tena ndani ya siku moja au mbili. Hufurahi hadi unaiona furaha yake!

Kesho alfajiri, kabla malori hayajawashwa, mkokoteni utakapopita juu ya lami, fumba macho usikilize. Punda anayetembea hugonga mara nne, na mguu unaouma hugonga kwa sauti ndogo. Fumbua macho: kama ni wa mbele, kichwa chake hupanda juu kila mguu huo unapogusa chini. Mwite mwenye mkokoteni, mwambie ni mguu upi.