Eve Muirhead, nahodha wa mawe na mafagio

Sisi wanafunzi wa isimu tukisema kwamba lugha ni chombo cha kazi, mifano yetu hutoka sokoni, kanisani au mahakamani. Katika makala hii nachukua mfano wa mbali na kwetu: kalingi, mchezo wa juu ya barafu, na safari ya Eve Muirhead wa Uskoti. Nataka kuonyesha kwamba kazi ya nahodha wa mchezo huu inasimama juu ya mambo mawili: uamuzi na sauti.

Tuanze na mchezo wenyewe. Timu mbili za watu wannewanne hutelezesha mawe ya graniti, kila moja likiwa na uzito wa kati ya kilo 17 na 20, kwenye uwanja wa barafu wenye urefu wa mita 45 hivi. Shabaha ni miviringo iliyochorwa mwishoni mwa uwanja, nayo wachezaji huiita nyumba. Katika kila raundi kila timu hutupa mawe 8, na timu yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu ndiyo pekee inayopata pointi. Jiwe la mwisho la raundi huitwa nyundo, kwa sababu mwenye nalo ndiye mwenye neno la mwisho.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kwenye kalingi, jiwe likishatoka mkononi bado linaweza kusaidiwa. Barafu hunyunyiziwa matone ya maji, yakaganda na kuwa vipele vidogo. Wachezaji wawili wakisugua kwa mafagio mbele ya jiwe, msuguano hupungua, nalo hufika mbali zaidi na kupinda kidogo. Lakini wafagiaji hao wameinama, hawaoni vizuri njia ya jiwe. Anayeiona ni nahodha aliyesimama kwenye nyumba, makumi ya mita mbele yao. Ndiyo maana hupaza sauti muda wote: fagieni, ongezeni, acheni!

Hapa mwanaisimu ana la kujifunza. Amri hizo lazima zitofautiane hata konsonanti zikipotea njiani. Kiswahili kingeweza kazi hiyo. Vitenzi vyetu vya amri vingi huishia na -a, lakini mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukivuta sauti, "fagiiia" na "aaacha" havichanganyiki. Hata cheo kinatufaa: Waingereza humwita kiongozi wa timu kwa neno lililofupishwa kutoka jina la mkuu wa merikebu, nasi neno letu nahodha lilitoka baharini vilevile.

Muirhead alizaliwa mwaka 1990 huko Perth, binti wa Gordon Muirhead, mchezaji wa kimataifa wa kalingi. Alikuwa bingwa wa dunia wa vijana mara nne: 2007, 2008, 2009 na 2011. Mwaka 2010, akiwa na miaka 19, aliongoza timu ya Uingereza kwenye Olimpiki ya Vancouver, wakamaliza nafasi ya 7. Mwaka 2013, mjini Riga, Uskoti ikawa bingwa wa dunia chini yake. Mwaka uliofuata alipata medali ya shaba huko Sochi.

Kisha ikaja Olimpiki ya Pyeongchang, mwaka 2018. Katika mechi ya kugombea shaba, Japani ilikuwa mbele kwa 4 kwa 3, na nyundo ilikuwa mkononi mwa Muirhead. Alitafuta pointi mbili za ushindi kwa jiwe moja. Jiwe halikumtii, Japani ikapata pointi na kushinda 5 kwa 3. Mwaka huohuo alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Mwaka 2021 timu yake ilishindwa kupata tiketi ya Olimpiki kwenye mashindano ya dunia, ikabidi waitafute mwezi Desemba katika mashindano ya kufuzu.

Walifika Beijing mwaka 2022 na kuponea chupuchupu: hatua ya kwanza walishinda mechi 5 na kupoteza 4. Katika nusu fainali Uswidi ilichukua pointi 4 kwenye raundi ya kwanza, lakini Waingereza walishinda 12 kwa 11 katika raundi ya nyongeza. Tarehe 20 Februari walikutana na Japani ya nahodha Satsuki Fujisawa, yuleyule wa 2018. Safari hii matokeo yalikuwa 10 kwa 3, na Muirhead akavaa dhahabu pamoja na Vicky Wright, Jennifer Dodds, Hailey Duff na Mili Smith. Mwezi Agosti akastaafu.

Orodha ya medali peke yake haielezi safari hii. Nahodha huyu aliikosa nyundo mbele ya dunia nzima, na kwa miaka minne baadaye aliendelea kuishika yeye mwenyewe. Na kila mara alihitaji wenzake wawili wenye mafagio, wanaoliamini neno lake bila kuona anachokiona yeye. Imani hiyo ndiyo inayoipa amri nguvu. Bila imani hiyo, "fagia" ni kelele tu juu ya barafu.